Siku Nilipogawa Bomba kwa Sheria za Ndege

Aibu hii naitoa mwenyewe, maana wanawake wa kijijini kwetu Makote wakiisimulia huongeza chumvi, na mimi ni mtu mwenye diploma, wa kwanza kutoka kwetu kukalia kiti katika ofisi ya Nairobi inayogawa njia za ndege, sipendi habari zangu zitungwe jikoni.

Nilirudi likizo kuoa. Wiki nzima niliwaeleza wazee kazi yetu: serikali mbili zinapatana ndege ngapi ziende na kurudi kwa juma, nusu kwa nusu, kisha makampuni yanaleta maombi, maombi yanatangazwa, mwenye pingamizi anasikilizwa, na kampuni ikipewa safari isirushe ndege, safari hiyo inapotea, anapewa mwenzake. (Barua hizo nilizipiga chapa mimi, bila kosa hata moja.)

Basi mtaa wetu wa juu na mtaa wa chini, kwao mchumba wangu Somoe, walikuwa wakigombea bomba moja jipya linalotoa maji asubuhi tu. Mzee mmoja akasema, "Wewe unayegawa mbingu, bomba litakushinda?" Ningekataa hapo, nisingekuwa na mkasa. Nikaandika sheria, nikazisoma nimevaa tai: madebe arobaini kila mtaa, sisi kwanza, na yasiyotekwa ikifika saa tatu ni ya wenzetu. Msimamizi nikamteua Mama Somoe, mkwe wangu mtarajiwa, kwa kuwa hapendelei mtu. Nilipigiwa makofi mpaka nikainama.

Siku ya harusi wanawake wa kwetu walicheza ngoma tangu alfajiri, kila mmoja akidhani mwenzake ameshakwenda bombani, na saa nne shangazi yangu akafunua pipa la maji ya pilau akakuta kavu, wageni wa Masasi wameshakaa mikekani. Mjomba wa Somoe akasema mbele ya watu wote, "Nyumba isiyo na maji ya kunawa wageni, mtoto wetu anakwenda kufanya nini huko? Maji yasipopatikana, hatoki."

Nikakimbia na suti yangu mpaka bombani kwa Mama Somoe. Kwetu mtu hamkazii mkwe macho, kwa hiyo nikasimama nimeutazama mkorosho.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, baba," akaliambia debe lake, maana naye hakunitazama.

"Naomba madebe machache tu, mama."

"Safari zenu za leo zimepotea. Leta ombi."

"Ndilo hilo, mama."

"Halijatangazwa." Akapaza sauti: "Jamani, bwana harusi anaomba maji! Nani ana pingamizi?"

Wote walikuwa nalo! Mmoja akadai hajapata kuona mtu wa ofisi amebeba debe, mwingine akadakia, "Basi abebe mwenyewe, tuone!" wakacheka mpaka foleni ikavunjika. Mama Somoe akakata shauri: madebe kumi, yachukuliwe na mwombaji peke yake, kichwani.

Ndugu zangu, nilibeba. Koti nililikunja likawa ngata, maji yakanishuka mgongoni mpaka ndani ya viatu, navyo vikawa vinalia kila hatua, na nyuma yangu msururu wa wanawake wanahesabu safari kwa vigelegele, na wageni wa Masasi wakaiacha mikeka waje kutazama (wengine walisimama juu ya benchi, watu wazima kabisa). Debe la kumi alinitua mjomba mwenyewe, machozi ya kicheko yanamtoka.

"Huyu mpeni mke upesi," akasema, "kabla hajatugawia na jua."

Nikafungishwa ndoa nimelowa chapachapa, pilau likaiva, tukala.

Sheria zangu hazikuwa na dosari, nitalisema hilo popote. Lakini nimeapa: wakinipa anga la dunia nzima nitaligawa asubuhi moja, ila kitu chochote ambacho shangazi zangu wanakitumia, sikigusi tena.