Mke Wangu na Korongo la Shimo la Kumi na Tano

Kamati ya sherehe yetu iliundwa kabla sisi wenyewe hatujaulizwa. Tulikuwa tunakaribia kutimiza miaka ishirini na mitano ya ndoa, na Watanzania wa hapa Minnesota hawaachi jambo kama hilo lipite kimyakimya. Jumapili moja baada ya ibada walikuja nyumbani kwetu Champlin akina mama watatu na mzee wa kanisa, wakiwa tayari na vipande vya vitenge vya kuchagulia sare na jina la mtu anayechinja mbuzi huko mashambani. Mke wangu aliwapa chai, akawasikiliza mpaka mwisho, akawashukuru sana. Kisha akasema kwamba mimi na yeye tumeshaamua: mwezi wa tatu tunakwenda Arizona kucheza gofu jangwani.

Mama mmoja alidhani hakusikia vizuri, akauliza tuna ndugu gani Arizona.

Mimi nilikuwa nimekaa palepale kwenye kochi, na hiyo ndiyo ilikuwa mara yangu ya kwanza kusikia kwamba tumeamua.

Gofu yenyewe niliileta mimi nyumbani, tena kwa bahati mbaya. Nafanya kazi ya kompyuta katika ofisi moja ya mji wa Eagan, na kila kiangazi ofisi yetu hufunga siku moja watu wakacheze gofu pamoja na wake na waume zao. Kwa miaka mingi nilitoa udhuru. Miaka minne kabla ya safari hiyo, bosi mpya alisema angependa kuniona, nikaona aibu kukataa. Nikaazima fimbo, nikamchukua mke wangu, nikamwambia akae kwenye kigari na kushika maji ya kunywa.

Mpaka shimo la sita nilikuwa nimeshalisha mipira kila bwawa la uwanja ule. Wenzangu walikuwa waungwana, wakawa wanaangalia ndege angani kila ikifika zamu yangu. Mke wangu akateremka kwenye kigari, akaniomba fimbo ajaribu mara moja tu. Alikuwa amevaa gauni la maua na viatu vya kanisani. Aliishika ile fimbo chini zaidi ya nilivyoishika mimi, akainama kidogo, akapiga. Mpira haukuruka juu sana, lakini ulikwenda moja kwa moja, mbali, ukapita mipira yote ya wenzangu isipokuwa mmoja. Mtu mmoja wa ofisini akamwuliza huwa anachezea wapi. Akamjibu kwamba hajawahi kucheza.

Tukiwa kwenye gari kurudi nyumbani ndipo aliponieleza. Shuleni, sekondari ya bweni ya wasichana, alikuwa akicheza mpira wa magongo. Alicheza miaka minne, na mwaka wa mwisho alikuwa nahodha. Siku moja walisafiri kwenda mkoa mwingine wakashinda, na mwalimu wao akalia mbele ya shule nzima. Nilikuwa nimeishi naye miaka ishirini na moja, na hayo yote nilikuwa siyajui.

Nikamwuliza kwa nini hakuniambia.

"Hukuniuliza," alisema. "Na mimi nilikuwa nimeshasahau. Tangu nimalize shule sijacheza kitu chochote."

Yeye ni muuguzi, wodi ya wagonjwa wa mifupa. Miaka yote hiyo nilimwona akiondoka na kurudi, akiwanyanyua watu wasioweza kusimama, akirudi nyumbani kuwanyanyua watoto wetu wawili, halafu akizoa theluji mlangoni kwa koleo kama mimi sipo. Nilijua ana nguvu. Sikujua kwamba nguvu hizo ziliwahi kuwa na furaha ndani yake.

Kiangazi kile alianza kucheza kwenye uwanja mdogo wa mashimo tisa karibu na mto, jioni akitoka kazini. Mimi nilimfuata, kwanza kwa kumsindikiza, baadaye kwa sababu nilikuwa nimeupenda mchezo wenyewe, ingawa wenyewe haukunipenda. Theluji ilipoanguka alitafuta pale watu wanapofanyia mazoezi ya majira ya baridi: hema kubwa mno lililojazwa hewa, ambalo mlango wake ukiufungua ili utoke, hewa inakusukuma mgongoni kana kwamba inakufukuza. Ndani kuna zulia la plastiki, kelele za mashine za kupuliza, na watu wazima wamejipanga mstari wakipiga mipira kwenye ukuta wa kitambaa. Nje ni nyuzi ishirini chini ya sifuri. Mke wangu alikuwa anavua koti lake zito, anapiga mipira mia, anavaa koti, tunarudi nyumbani.

Kwenye ukuta wa hema lile palikuwa na picha ya uwanja wa gofu wa jangwani. Ukanda mwembamba wa majani ya kijani kibichi umepita katikati ya changarawe nyekundu, kaktasi zimesimama kando kama watu walioinua mikono, na nyuma yake kuna majabali na korongo lenye bendera ng'ambo yake. Kila tukitoka alisimama pale kidogo. Mimi nilidhani anatamani jua.

Basi akina mama walipoondoka siku ile na vitenge vyao, nilimwuliza hasa anataka nini huko. Alisema anataka kucheza mashimo yote kumi na manane ya uwanja ule, au unaofanana nao, kwa mikwaju isiyofika mia moja, maana katika gofu anayepiga mara chache ndiye bora. Huku kwetu, kwenye viwanja tambarare, alikuwa bado hajaweza. Mara mia na mbili, mara mia na nne. Nikamshauri afanye kwanza nyumbani ambako ni rahisi. Hakubishana nami. Alinunua tiketi.

Tulipowaambia watoto, ambao wanaelewa Kiswahili chetu chote lakini hujibu kwa Kiingereza, walicheka kwanza, kisha yule mkubwa akamnunulia mama yake glovu mpya ya gofu, ya mkono wa kushoto.

Tuliondoka Minnesota kukiwa na barafu barabarani. Asubuhi iliyofuata, jua likichomoza, tulikuwa tumesimama mahali pa kuanzia shimo la kwanza, na nilielewa mara moja kwamba picha ilikuwa imeficha mambo. Majani yalikuwa machache kuliko nilivyodhani. Kila shimo lilikuwa kisiwa: unapiga kutoka kipande kimoja cha ukoka, mpira unaruka juu ya mawe na miiba, uangukie kipande kingine. Ukikosa, jangwa linauchukua. Palikuwa na kibao kinachoonya kuhusu nyoka wenye njuga mkiani, kwamba mtu asifuate mpira vichakani. Milima ilikuwa ya zambarau, halafu ikawa ya waridi, halafu jua likapanda ikawa kahawia ya kawaida, na sungura walikuwa wanakatiza mbele yetu bila haraka. Ilikuwa nzuri kiasi kwamba nilipiga mpira wangu wa kwanza nikiwa bado natazama pembeni. Sikuuona tena.

Wenye uwanja walitupanga na ndugu wawili, wazee wastaafu waliokuwa wakulima wa mahindi. Kaka mtu alikuwa na masharubu meupe na hakupenda maneno mengi. Mdogo wake aliyapenda kwa wote wawili. Alikuwa mtu mwema, nisimsingizie, lakini tangu shimo la pili alianza kumfundisha mke wangu jinsi ya kusimama, pa kulenga, na fimbo gani ingemfaa mwanamke. Mke wangu alimshukuru kila mara, na kila mara alichukua fimbo aliyokuwa ameshaichagua.

Hesabu niliiweka mimi kwenye kadi. Aliniambia nisimtajie jumla mpaka mwisho.

Alicheza vizuri mpaka shimo la saba. Pale palikuwa na korongo dogo la kuvuka, si la kutisha, na akaupiga mpira ukatumbukia humo. Akapiga wa pili, nao ukatumbukia. Alimaliza shimo lile kwa mikwaju tisa. Nilimwona akitembea kurudi kwenye kigari, mdomo umekaza, na yule mdogo mtu akamfariji kwa kumwambia kwamba uwanja huu hata wanaume unawashinda. Mke wangu alikunywa maji, akafuta fimbo kwa taulo taratibu sana, kama anavyofuta mikono ya mgonjwa.

"Niliogopa," aliniambia kwa sauti ya chini. "Mkono ulikuwa sawa. Niliogopa tu."

Tulimaliza nusu ya kwanza akiwa na hamsini na mbili. Mimi yangu siisemi.

Shimo la kumi na tano ndilo lile la kwenye picha, au ndugu yake. Unapanda mpaka juu ya jabali, na mbele ya miguu yako ardhi inakatika. Chini ni korongo pana, limejaa mawe makubwa na kaktasi zinazoonekana ndogo kama vijiti vya meno. Ng'ambo, kama yadi mia na thelathini, pamening'inia kipande cha ukoka uliokatwa mfupi sana, kile wachezaji wanachokiita grini, na juu yake bendera. Hakuna njia ya katikati. Mpira unavuka au hauvuki. Wenye uwanja wameweka duara upande wa pili, ili asiyeweza kuvuka akubali kuongezewa mkwaju mmoja wa adhabu na kuanzia huko.

Upepo ulikuwa unatupiga usoni. Kaka mtu alipiga, akavuka kwa shida. Mdogo wake alipiga, tukasikia mpira ukigonga jiwe huko chini. Mimi nilipiga na sikusikia kitu chochote. Kisha yule mdogo mtu akamwonyesha mke wangu lile duara, akamweleza kwamba akina mama wengi huenda moja kwa moja kule na si aibu hata kidogo.

Nilikuwa nimeshapiga hesabu. Alikuwa na themanini. Akitumbukiza mipira miwili hapa kama kwenye shimo la saba, mia moja imekwisha, na safari yote imekwisha. Nikamsogelea, nikamwambia kwa Kiswahili kwamba mzee anasema kweli, azunguke tu, anaweza kufidia mbele.

Alinitazama. Hakukasirika.

"Baba, sikuja huku kuzunguka," alisema.

Akaenda kwenye mfuko wake, akachukua fimbo moja ndefu kuliko niliyotarajia. Akasimama kando ya mpira, akaangalia ng'ambo mara moja, halafu hakuangalia tena. Aliushika mpini chini, vilevile kama siku ile ya gauni la maua, desturi ambayo mwalimu wa gofu wa kule kwenye hema alishindwa kumtoa. Akapiga.

Ulikuwa mlio mfupi, mkavu. Mpira haukwenda juu. Ulikwenda chini ya upepo, sawasawa, nikaupoteza kwenye rangi ya jabali la mbele, na kwa muda sikuona kitu. Kisha ule ukoka wa ng'ambo ukawa na kitone cheupe juu yake. Kikadunda, kikabiringika, kikatulia upande wa kushoto wa bendera.

Yule kaka mtu, ambaye asubuhi nzima hakuwa amesema maneno kumi, alivua kofia yake. Aliishika kifuani mpaka mke wangu alipomaliza kurudisha fimbo mfukoni. Mdogo wake alicheka kwa furaha ya kweli, akasema leo hatafundisha tena mtu. Alitimiza ahadi yake kwa mashimo yote yaliyobaki.

Nilikuwa naona haya kwa ushauri wangu, na wakati huohuo kifua kilikuwa kimejaa hivi kwamba ningefungua mdomo ningelia kama yule mwalimu wake wa shule.

Alimaliza shimo lile kwa mikwaju mitatu. La kumi na sita mitano, la kumi na saba sita. Tulifika shimo la mwisho akiwa na tisini na nne na hajui. Mimi nilijua, na kaka mtu alijua, maana nilimwona akichungulia kadi yangu. Tulitazamana, nikaikunja kadi. Mkwaju wake wa kwanza uliuweka mpira vizuri kwenye majani. Wa pili uliuangusha kwenye mtego wa mchanga. Akaingia mchangani, akautoa kwa pigo moja, mchanga ukamrudia mpaka kwenye nywele. Mkwaju wa nne uliusogeza mpira ukakomea hatua mbili kabla ya shimo. Alizunguka upande wa pili, akachuchumaa, akaangalia mteremko, akarudi. Nilikuwa nimeishika ile bendera mikononi kama mtu anayeshikilia mlango usifungwe. Akausukuma. Ulikwenda polepole, ukafika ukingoni, ukaingia.

"Ngapi?" aliniuliza.

"Tisini na tisa."

Alisema nihesabu tena. Nikahesabu kwa sauti, shimo baada ya shimo, kaka mtu akifuata kwa kidole kwenye kadi, na ile tisa ya shimo la saba niliitaja bila kuipunguza. Ilikuwa tisini na tisa. Mke wangu aliketi chini palepale pembeni ya grini, akiwa na mchanga kichwani, mikono yote miwili juu ya magoti. Watu waliokuwa wakisubiri nyuma yetu walitupigia makofi bila kujua sababu.

Kwenye maegesho ya magari alimpigia simu dada yake mdogo aliye Tanga. Mdogo wake huyo hajawahi kuona gofu maishani, akataka kujua wameshindana na nani na ameshinda kitu gani. Ilichukua muda mrefu kumweleza: shimo, fimbo, korongo, upepo, kwa nini mikwaju michache ni bora kuliko mingi. Nilimsikia akianza upya mara tatu, akicheka, akionyesha kwa mkono mtu asiyemwona. Kwa kuwa mikono yake ilikuwa na kazi hiyo, mimi nilipiga goti kwenye lami, nikamfungua kamba za viatu, nikaanza kumwaga mchanga.