Anti Amestaafu

Mjukuu wangu alipoanza kusema, nilimfundisha aniite anti. Bibi nani? Nilikuwa na miaka hamsini na sita, nafanya kazi ya kutunza wazee huku ughaibuni, Woolwich, napanda ngazi zao bila kuhema, na nywele nazipaka kanta kila mwezi kuficha mvi. Kijana mmoja wa kwetu alinipa shikamoo sokoni, nikamjibu, "Poa." Akabaki kanikodolea macho.

Binti yangu alinicheka. "Mama, uzee haukimbiwi." Nikamwambia aukaribishe kwake basi.

Mtoto alipofika miaka sita, siku moja nilikwenda kumchukua shuleni. Mwalimu wake akaniita pembeni, kwa upole kama mtu anayetoa pole. Mwezi ujao, alisema, kila mtoto ataleta babu au bibi yake wanywe chai pamoja. Huyu wetu kasema hana. Je, mimi anti yake ningeweza kuja nikae nafasi ya bibi?

Kwenye basi nikamuuliza mtoto kwa nini amenizika ningali hai. Kiswahili anakisikia vizuri, ila hujibu kwa Kiingereza. Akasema, wala hakukasirika, kwamba ni mimi mwenyewe niliyesema si bibi. Kisha akageukia dirishani. Niliona aibu. Nilikuwa nimemnyima kitu kilicho chake.

Nyumbani nilimkumbuka mama yangu. Alifariki hajafika hamsini, na hakuna mjukuu aliyewahi kumwita bibi. Mimi nimepewa jina hilo bure, nalitupa! Husemwa utu uzima dawa. Kumbe dawa yenyewe nilikuwa naimwaga. Kesho yake nikaenda kunyoa nywele zote zenye kanta, nikaziacha ziote zitakavyo. Zikaota nyeupe. Na kila siku nikawa namfundisha mtoto maneno mawili tu.

Siku ya chai nilivaa kitenge. Mtoto akanivuta mkono hadi mbele ya wenzake, akainamisha kichwa.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mjukuu wangu."

Machozi yalinitoka na sikuyaficha. Nilimshukuru Mungu kwa kunifikisha umri wa kuitikia.

Baadaye mwalimu aliniletea kikombe cha chai. Hakunitambua. Akauliza kama yule anti amekosa nafasi ya kuja.

"Amestaafu," nikamwambia. "Nimekuja mwenyewe."