Magugu Aliyonibakizia Mama

Mimba yangu ilipofika mwezi wa nne nilitamani kitu kimoja tu: yale magugu machachu yenye vijani vitatu vitatu na ua dogo la njano, ambayo watoto huyatafuna wakitoka shule. Mama, anayelima mahindi Mvumi, akaanza kuyabakiza. Wakati wa palizi alipitisha jembe pembeni mwake, kama anayemkwepa kuku aliyeatamia. Kila Jumamosi nilipofika kutoka Kilosa mjini nilikuta fungu limeoshwa, na chumvi kando.

Jirani alimtania. "Bibi mtarajiwa, mwaka huu unalima magugu?"

"Nalima anachokula mwanangu."

Kisha majani ya mahindi yakatoka vipele vya kahawia; ukivigusa, vumbi linabaki kidoleni. Bwana shamba alikuja, kijana tu. Alimwamkia mama shikamoo, akang'oa gugu moja, akaligeuza. Chini ya jani palikuwa na madoa ya rangi ya chungwa.

"Hii ni kutu, ugonjwa wa mahindi. Inalala kwenye mabua ya mwaka jana, inaingia kwenye gugu hili, halafu inarukia mahindi. Upepo nao huileta kutoka mbali, kwa hiyo siwezi kuapa. Ila mama, hapa umeijengea banda kabisa."

Mama alilitazama tumbo langu. "Na huyu ameyala!"

"Haina shida na watu, mama. Inataka mahindi."

Mama akacheka, roho imemtulia. Mimi sikuweza. Chakula chake cha mwaka mzima kilikuwa kimesimama pale, hakijatoa hata mbelewele, na nilijua magugu yale yalibakizwa kwa ajili ya nani.

Tuliyang'oa yote siku ileile. Bwana shamba alisema tuchunge majani ya juu: yakibaki safi mpaka punje zijae, tutavuna.

Kila asubuhi nilimpigia mama simu. "Safi?" "Safi." Mbelewele zikatoka, mahindi yakabeba. "Safi?" "Safi." Asubuhi moja akaniambia: "Njoo uniangalizie. Macho yangu siyaamini."

Niligeuza jani la kwanza. Safi. La pili, safi. La tatu likanipaka kidole kahawia. Mama alikuwa nyuma yangu. Nilitaka kukifuta kwenye khanga; nikamwonyesha.

Alimenya ganda la hindi lililokuwa karibu, akabonyeza punje kwa ukucha. Zilikuwa zimejaa nusu tu.

"Lete kikapu," alisema. "Tuanze na haya yenye chochote."