Marahaba Niliyoimeza

Nimefundisha shule ya msingi miaka mingi, na darasani kwangu mtoto asiyeamkia wakubwa alikuwa hakai. Hapa Unyambwa mpaka leo wanaume wenye ndevu wakiniona njiani wanazima pikipiki, wananipa shikamoo, ndipo wanaendelea na safari. Sasa hebu vuta picha: mtu wa namna hiyo analetewa mjukuu wa miaka mitano asiyemwamkia mtu yeyote.

Mwanangu alirudi nyumbani na binti yake huyo mwezi wa sita, alizeti zikiwa zimeshavunwa. Mtoto hakuwa bubu. Chumbani na mama yake alipiga soga mpaka ninasikia upande wa pili wa ukuta. Nikisukuma mlango tu, kimya. Nikajua ni kiburi. Kila asubuhi akinipita kwenda jikoni, mimi nimekaa kwenye kigoda changu, nilimfanyia wanachofanya watu wazima wote wa huku kwa mtoto asiyesalimia: nilijijibu mwenyewe. Nilisema "Marahaba" kwa sauti ya kumchoma, ili aone aibu. Aliinamisha kichwa, akapita. Kesho yake tena, na keshokutwa tena.

Iliniuma, sitaki kudanganya. Mjukuu wangu wa kwanza, na sauti yake naisikia kupitia matofali.

Mwezi wa tisa mama yake alimpeleka kumwandikisha darasa la awali. Aliulizwa jina, akatazama viatu vyake. Mwalimu wa pale akasema kwa upole kwamba kama mpaka Januari hatakuwa anajibu chochote, itabidi atafutiwe shule ya bweni ya watoto wenye mahitaji maalumu, mkoa mwingine. Mwanangu alirudi analia. Mimi nilimkasirikia mwalimu, nikamkasirikia mtoto, nikawakasirikia na kuku waliokuwa wanadonoa dengu zangu uani. Mtoto wa miaka mitano alale bweni, kwa watu asiowajua, wakati mimi nipo!

Ndipo tukaenda hospitali mjini, kwa mtaalamu wa mambo ya tabia. Kumbe ni binti mdogo tu, ningeweza kuwa nimemfundisha. Aliniamkia akiwa amepiga goti kidogo, nikampenda pale pale. Akauliza tunasalimianaje nyumbani. Nikamwonyesha, na ile marahaba yangu ya kuchoma nikaitoa vilevile ilivyo. Aliandika, akafunga kalamu.

"Bibi," akasema, "huyu mtoto anaogopa, hana kiburi. Akinyamaza, wewe unamalizia kazi yake na yeye anapita. Unamzawadia kunyamaza."

Mimi! Nilitaka kuondoka. Mwanangu akanishika gauni.

Yule binti akatueleza taratibu. Mtu akifanya jambo likamletea nafuu, atalirudia, hata kama jambo lenyewe linamuumiza. Kwa hiyo sisi tutageuza. Shikamoo tutaikata vipande: kwanza mtoto anitazame usoni, halafu achezeshe midomo, halafu anong'one, halafu atoe sauti. Kila kipande azawadiwe papo hapo, bila hotuba. Akinyamaza, hakuna zawadi na hakuna ugomvi. Na mimi nisubiri, nihesabu mpaka tano, marahaba nisiyopewa shikamoo yake niimeze.

Zawadi ilikuwa vifuniko vya soda. Mtoto akipata kumi kwenye kopo lake, anaingia peke yake bandani kuokota mayai, kwa maana alipenda kuku kuliko watu. Nikadhani tumemaliza. Yule binti akatoa kopo la pili akanipa mimi, eti na bibi ana tabia ya kurekebishwa. Nikivumilia, napata kifuniko. Nikifikisha kumi, nakunywa chai ya vijiko vitatu vya sukari bila mwanangu kunikodolea macho. Na sheria moja ya wote: anayemjibia mwenzake anatoa kifuniko koponi mwake, anampa huyo mwenzake. Msimamizi wa makopo ni mtoto.

Wiki ya kwanza kila kifuniko nilichopata hakikulala koponi. Marahaba ilinitoka kama kwikwi. Mtoto alikuja bila neno, akachukua kifuniko changu kwa uso mkavu kama mgambo wa sokoni, akakitia kwenye kopo lake. Wiki ya pili nilijifunza kuhesabu kwa vidole juu ya goti, nimeuma meno. Akaanza kuniangalia. Wiki ya nne midomo ikacheza. Jirani yangu mmoja akapita uani, akamtupia mtoto marahaba ya kuchoma, nikamtoa mbio. Hatukusemeshana siku tatu.

Kila Alhamisi tulirudi hospitali, na kila nilipoeleza nilivyovumilia, yule binti aliniambia, "Vizuri sana, bibi." Siku moja nikiwa kwenye bajaji nikagundua natabasamu peke yangu. Nikashtuka. Kumbe na mimi ananifanya vilevile! Nilikasirika njia nzima. Alhamisi iliyofuata niliwahi kwa saa nzima.

Mwezi wa kumi na moja, nikianika nguo nyuma ya banda, nikasikia sauti ndogo ya kukwaruza: "Shikamoo." Alikuwa anamwamkia kuku mzee mmoja, mwekundu mwenye kilema. Jamani, nilimwonea kuku wivu. Nilimweleza mtaalamu nikitegemea pole, akafurahi, akasema nisogeze kigoda karibu na banda, hatua moja kila siku. Nikasogeza. Watu walipita wakamwona mwalimu mstaafu amekaa na kuku.

Desemba mvua zilishaanza. Asubuhi moja nilikuwa nimefika mlangoni kabisa mwa banda, makopo yote mawili yapo chini miguuni pangu. Mtoto akatoka na beseni la mayai kwapani. Akasimama mbele yangu. Nikaanza kuhesabu vidole gotini. Nilipofika cha nne akasema:

"Shikamoo, bibi."

Miezi sita nilikuwa na marahaba tayari mdomoni, na sasa ikagoma. Machozi yakanitoka, nikafungua mdomo, hakikutoka kitu. Mtoto akanitazama. Akanyoosha vidole vya mkono wake wa pili, kimoja kimoja, kama nilivyokuwa nafanya mimi, mpaka vikaisha vitano.

"Marahaba," akanijibia.

Halafu akaweka beseni chini, akatoa kifuniko kimoja kwenye kopo lake, akakitia kwenye langu, akaelekea jikoni.