Moja Hadi Tisa

Mwaka 2013 nilikuwa mwanachuo wa ualimu Kasulu, na kwenye mazoezi ya kufundisha nilipangiwa shule ya msingi upande wa Heru Juu. Baba yangu ana duka la vitenge mjini. Babu alikuja huku kutoka pwani, na ingawa mimi nimezaliwa Kasulu, Kiha changu, lugha ya wenyeji, kilikuwa cha dukani: bei, rangi na salamu. Hilo halikunizuia kujifanya mjuaji.

Nilipewa hesabu, darasa la tano. Wiki ya kwanza tulifanya vigawo na vigawe kwa maharage. Kila kundi lilipewa punje ishirini na nne, wakazipanga safu mbili, tatu, nne, sita, na wenyewe wakagundua kwamba safu tano hazikubali. Nilitoka darasani kifua mbele. Wiki ya tatu ikaja mada ya namba zinazofuatana, na siku hiyohiyo mkufunzi kutoka chuoni alikuwa anakuja kunikagua. Alama yake ndiyo ingeamua kama nimefaulu mazoezi au nayarudia mwakani.

Nikatafuta kitu cha kumfurahisha. Kwa Waha, mtoto wa saba, wa nane na wa tisa wana majina yao tayari, yanayotokana na hesabu ya uzazi wa mama. Nilichungulia daftari la mahudhurio nikawapata wote watatu, kila mmoja wa familia yake. Siku ilipofika niliwasimamisha mbele: saba, nane, tisa. Tukajumlisha, ishirini na nne. Tukagawanya kwa tatu, ikatoka nane, yule wa katikati. Nikawaambia jumla ya namba tatu zinazofuatana ni kigawe cha tatu siku zote, hata wakianza na mia. Darasa lilichangamka, na mkufunzi nyuma kule akawa anatikisa kichwa kwa kuridhika.

Ningeishia hapo. Lakini mimi nikisifiwa huwa sijui kusimama. Nilimgeukia yule wa tisa, msichana mrefu aliyekuwa akikaa dirishani.

“Wenu wa nane yuko darasa la ngapi?”

“Hayupo, mwalimu.”

“Na wa saba?”

“Hayupo.”

Mtu mwenye akili angenyamaza. Mimi niliandika ubaoni moja hadi tisa, nikampa chaki azungushie wale wa kwao waliopo. Alisimama kidogo, kisha akazungushia mbili, tano, sita na tisa.

“Je, hizi zinafuatana?” niliuliza darasa.

“Hapanaaa, mwalimu!”

“Zipi zimekosekana?”

Wakazisoma kwa pamoja, kwa ile sauti ya kuimba ya darasani: moja, tatu, nne, saba, nane. Nikasema vizuri sana, mpigieni makofi. Wakampigia. Msichana alirudisha chaki mezani akaenda kukaa.

Mkufunzi alinipa alama ya juu kuliko wenzangu wote. Aliandika kwamba nimetumia mazingira ya mwanafunzi, ila kifutio changu ni kichafu.

Kesho yake msichana hakuja shule. Keshokutwa hakuja. Mwalimu wa darasa, mzee Muha asiyependa maneno mengi, aliniita pembeni. “Binti yangu, kwetu watoto hawahesabiwi. Hata walio hai. Wewe umehesabisha na marehemu, halafu mkapiga makofi.” Niliona aibu. Ulimi wangu ulikuwa umeniponza, na aliyelipia ni mtoto wa watu. Niliogopa kwamba hatarudi tena, kwa sababu wasichana wa umri ule wakishaacha shule siku mbili tatu, jembe huwa haliko mbali.

Jumamosi asubuhi nilipanda bodaboda na kilo mbili za sukari. Mama yake alikuwa uani anamenya mihogo. Nikamwamkia, “Mwakeye,” naye akaitikia bila kuacha kumenya. Binti alitokea mlangoni, akabaki hapohapo.

“Mama, nimekuja kuomba radhi,” nikasema. “Nilimuuliza mtoto mambo ambayo sikupaswa kuuliza.”

“Umeniumiza,” alisema. “Wale sikuwahi kuwataja kwa majina mbele yake, alijua nafasi zao tu. Nilijiambia, huyu akue kwanza. Amerudi kutoka kwako anauliza: wa kwanza alikuwa nani, wa tatu amelala wapi. Nikamgombeza. Akaacha kula.”

Niliiweka sukari chini.

“Basi juzi nikamchukua. Watatu wako hapo nyuma ya migomba. Wawili wako kwa shangazi yake, mbali. Tumekwenda kwa miguu, tumelala huko, tumerudi jana. Ndiyo maana hukumwona shuleni.”

“Nisamehe, mama. Mimi niliona lile jina ni namba tu.”

“Ni namba,” akasema, na hapo ndipo alipoweka kisu chini. “Kwani wewe mwalimu tisa yako unaitoa wapi, kama nane haikuwepo? Mimi nikimwita huyu aje ale, nimewaita wote.”

Kisha, yeye ambaye kwao watoto hawahesabiwi, akawataja. Alianza na wa kwanza, akaenda polepole, jina kwa jina, hakumruka hata mmoja, na hakutofautisha sauti kati ya walio hai na waliokufa. Nilitazama mlangoni. Binti alikuwa akiwataja pamoja naye, midomo tu bila sauti, na hakukosea.

“Jumatatu atakuja,” mama alisema, akachukua muhogo mwingine.