Kopo la Glukosi Mbele ya Wakwe

Haya siyasemi mbele ya wanangu, maana wao wanadhani baba yao alizaliwa na heshima zake. Enzi za Mwingereza nilikuwa dresa, msaidizi wa tabibu, kwenye shamba moja la mkonge Korogwe, kijana wa kaptula ya pasi, nimeposa binti wa Mzee Mhina wa Handeni. Jumapili moja nikaenda kuwasalimu wakwe, na badala ya kukaa kimya kama mkwe anavyotakiwa, nikaanza kuhubiri. Nikawaambia mwili umejengwa kwa chembe ndogo zisizoonekana kwa macho, kila chembe ina jiko lake, kuni zake ni sukari iitwayo glukosi, na hewa tunayovuta ndiyo inayochochea, ndipo mtu anapata nguvu ya kushika jembe (hadi hapo sikukosea, na ningeishia hapo ningebaki mtu).

Mzee Mhina akauliza, "Kwa hiyo mwanangu, mtu akila sukari tupu anapata nguvu hapo hapo?"

"Hapo hapo, mzee."

Nikatoa kopo la glukosi (nilikuwa nimewaletea zawadi, nikaila mwenyewe), nikalikoroga karibu lote kwenye maji, nikanywa, kisha nikamwita shemeji yangu Ali, aliyekuwa ametoka kula kiporo cha ugali, tushindane mbio mpaka kisimani na kurudi. Majirani wote wakatoka kutazama.

Nilianza kama swala. Kisima sijakiona, tumbo likaanza kunguruma, kwani ile sukari haikuwa imefika kwenye jiko lolote, ilikuwa imekaa tumboni inavuta maji, na mapaja nayo, kwa kukimbizwa kupita pumzi yangu, yakakaza na kuwaka kama yamepakwa pilipili, nikawa siwezi kukimbia wala kusimama, nikachepuka kuelekea kwenye mihogo, na sikufika. Kaptula yenyewe ilikuwa nyeupe.

Ali akarudi kunishika mkono. Mama mkwe akavua kanga yake ya juu, akanirushia huku kageuza uso, nami nikatamani ardhi inimeze.

Mzee Mhina akanitazama kwa huruma. "Moto umeshika, mwanangu," akasema, "ila moshi umetokea mlango wa nyuma."

Binti walinipa, sijui kwa nini. Lakini tangu siku ile, nikiulizwa jambo ukweni, hata kama nalijua vizuri, najibu kwamba wenyewe ndio wanaojua zaidi, kisha naomba maji ya kunywa, yasiyo na kitu.