Majina Ndani ya Chipu: Vumilia na Gogo la Tisa

Mama Limi anasema aliona kwa macho yake. Anasimulia sokoni Katoro kwamba Vumilia, fundi simu anayepakana naye vyumba, alikuwa akifunga vitu vidogo kwenye nailoni nyeusi huku akitaja majina ya wachimbaji, mmoja mmoja. Wiki mbili baadaye, kwenye duara la Masudi, shimo wanalochimba, dhahabu ikakata, haikuonekana tena.

"Mimi sisemi mchawi," anasema. "Nasema nilichoona."

Alichoona ni kweli. Jinsi alivyokielewa ndiyo iliyoharibu kazi ya miaka miwili.

Saa mbili asubuhi, Vumilia Makoye, miaka 26, ameinamia meza yake ya ufundi. Anaigusisha simu kwenye kitu chembamba, kidogo kuliko kucha ya dole gumba. Simu inatetemeka, kwenye kioo inatokea namba: 12. Ni chipu ya kupima unyevu. Namba ikipanda, kitu kimelowa. Aplikesheni inayoisoma ameitengeneza mwenyewe.

Aliishia darasa la saba. Alijifunza kwa video, maneno ya Kiingereza akiyanakili daftarini na kumuuliza Mwalimu Rhoda Jumapili baada ya ibada. Mara nne alifuta yote akaanza upya.

"Mdogo wangu Adam anachimba," anasema. "Magogo yanayozuia kuta za duara yakilowa yanaoza kwa ndani, kwa nje huoni kitu. Nikasema basi chipu iseme."

Yeye hajawahi kushuka. Huku inaaminika mwanamke akiingia duarani, dhahabu inahama. Adam ndiye aliyebandika chipu ishirini, moja kila gogo, na ndiye aliyeshuka na simu kuzigusa.

Kosa, anakiri, ni lake. Aplikesheni inaandika pia ndani ya chipu. Badala ya namba ya gogo, aliandika jina la mchimbaji anayelitunza, akilitaja ili asikosee huku akiifunga chipu kwenye nailoni ya kubebea, ili kila mtu ajali gogo lake. Dhahabu ilipokata, Athanas, mchimbaji mwenzake Adam, aliichukua ile simu kwa utani akagusa chipu. Likatokea jina lake. Akagusa nyingine: Magesa, mchimbaji mwenzao. Utani ukaishia hapo.

"Jina la mtu linafungiwa gizani kwa wema gani?" Athanas anauliza hadi leo.

Chipu kumi na tisa ziling'olewa zikachomwa moto. Ya gogo la tisa ilifichwa na tope, ikabaki.

Wiki ya kwanza hiyo ilisoma 31. Mara ya mwisho, 58. Tangu hapo mvua haijakatika, na Adam anashuka kila siku. Wenzake wamemwambia akionekana na simu chini, abaki hukohuko nayo.

Wateja nao wanamkwepa Vumilia. Jana kutwa alibadilisha kioo kimoja.

Adhuhuri anafunga meza, anatembea hadi machimboni. Masudi, mwenye duara, amekalia kiroba cha mawe.

"Shikamoo, Baba Mwanaima."

"Marahaba. Umemfuata mdogo wako?"

Anajibu hapana. Anamweleza taratibu kwamba akiruhusiwa kubandika chipu upya, ataandika namba tupu, jina la mtu halitakuwemo tena. Lakini hilo linaweza kusubiri.

"Leo naomba gogo la tisa tu. Adam aguse mara moja, apande. Kama humwamini, simu hii, shuka nayo wewe."

Masudi anaitazama simu. Kisha anageukia mdomo wa duara, anawauliza vijana kama kamba imekazwa. Adam anaishika kamba, anaanza kushuka.

Vumilia bado ameunyoosha mkono wenye simu.